Naombeni ushauri: AI imenipandisha cheo ofisini, Jumatatu natakiwa kufundisha wenzangu

Karani_Nakawa
Habari zenu ndugu. Naombeni ushauri tena wa haraka maana nina siku tatu tu. Niko kampuni ya kliaringi hapa Kampala, tunatoa mizigo inayotoka Mombasa na kuingilia Malaba, mimi niko upande wa makaratasi. Bosi aliniwekea Copilot, ile AI ya Microsoft, kwenye kompyuta kama majaribio na sasa ni wiki ya tisa naitumia. Yaani inasaidia, sidanganyi. Invoisi ya kutoka China ya kurasa kumi na nne naipa, inanipangia kwenye Excel kila bidhaa mstari wake, idadi, bei, uzito, na namba ya HS, ile ya kuainisha bidhaa forodhani, inapendekeza, af imeili ya mteja inaandika rasimu mimi narekebisha tu. Kontena la kuchangia, lile wateja kumi na wawili wameweka vitu vyao humohumo, lilikuwa linanila siku mbili nzima. Sasa masaa matatu. Nikampelekea bosi hizo hesabu akafurahi mpaka akaniita mbele ya watu. Jumatatu anataka niwafundishe wenzangu kisha nikabidhiwe usimamizi wa idara. Swali: hiyo semina naianzaje? Na je ni kawaida mtu kupandishwa cheo af akakosa usingizi?

Nyota_ya_Jinja
Hongera sana ssebo! Anza na vitu vidogo, imeili na muhtasari wa kikao, usiwaanzishie Excel watakimbia. Waambie wakiipa faili waiagize itumie hiyo faili peke yake na kila tarakimu iseme imeitoa ukurasa gani, hapo hata kuikagua inakuwa rahisi. Sisi ofisini tuliiweka kwenye vikao vya Teams, mkurugenzi wetu akishakasirika anachanganya Luganda na Kiingereza, siku hiyo muhtasari ukatoka umeandika kwamba mimi nimekubali kusafiri Karamoja wiki mbili. Mimi sikufungua mdomo kikao kizima! Nikaenda kumuona ana kwa ana, akacheka, lakini tiketi ilikuwa imeshakatwa. Nilienda. Kule Moroto kuna baridi ya asubuhi hakuna mtu aliyenionya.

MzeeWaArua
Kijana, pole na hongera kwa pamoja. Mimi hii kazi yako naijua. Mwaka 2014 ulipokuja mfumo wa forodha moja wa Afrika Mashariki, ushuru ukawa unalipwa kabla mzigo haujatoka bandari ya Mombasa, mimi nilikuwa na kiofisi changu Malaba na vijana wanne. Lori lilikuwa likifika linalala mpakani siku kadhaa, na sisi tunakula kwa hizo siku. Zikaisha. Lori linapita. Serikali ilisema biashara imekuwa nyepesi na ni kweli ilikuwa nyepesi, sikatai, lakini vijana wangu wanne niliwalipa nauli ya kurudi kwao na mmoja mpaka leo hajapata kazi ya karatasi, anaendesha boda. Sasa wewe fundisha wenzako, ila uwafundishe kwa moyo, usiwe na kiburi.

Mtu_wa_Busia
Mimi swali langu ni moja. Hizo invoisi za wateja unaziweka kwenye akaunti ya nani? Kama ni akaunti yako binafsi ya bure hapo kuna kesi. Uganda tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, jina la mtu, simu yake, TIN yake (namba ya mlipa kodi), sio vitu vya kumwaga popote. Samsung mwaka 2023 walipiga marufuku ChatGPT baada ya wafanyakazi wao kubandika humo siri za kampuni. Na hao ni Samsung.

Karani_Nakawa
@Mtu_wa_Busia ni akaunti ya ofisi, laisensi imelipiwa, dola 30 kwa mwezi, kama laki moja na kidogo ya kwetu. Microsoft wanasema data ya akaunti za kazini haitumiki kufundishia hizo modeli zao. Mwanzoni kabisa, kabla ya laisensi, nilitumia ya bure kidogo, lakini nimeacha. Hilo sio linalonisumbua.

Dada_Kisheria
Basi nini linakusumbua nyabo au ssebo? Umesema hulali. Mtu hakosi usingizi kwa ajili ya semina ya Jumatatu. Hapo kuna kitu umekiruka.

Boda_wa_Ntinda
Huyu analia amepewa cheo, mimi nikipewa cheo nitalala mpaka saa sita mchana. Kaka kama hukitaki nitumie namba ya bosi wako.

Karani_Nakawa
Haya. Sawa. Bosi anataka kununua laisensi tatu na kupunguza watu wawili kwenye idara, kwa sababu ya zile hesabu nilizompelekea, za siku mbili na masaa matatu. Mmoja ni kijana aliyeingia mwaka jana. Mwingine ni mama aliyefanya kazi miaka kumi na moja pale ofisini, nitamwita Mama Rehema ingawa si jina lake. Ndiye aliyenifundisha hii kazi nilipokuja sijui hata bili ya mzigo inasomwaje. Lakini nieleweni, si mimi niliyesema wapunguzwe. Mimi nilipeleka hesabu, uamuzi ni wa bosi, na mimi nisipokubali atamleta mtu wa nje akubali, na hao wawili wataondoka vilevile. Nimeshamwambia ndiyo. Barua iko mezani, nyongeza ni laki nne kwa mwezi, na nyumba Kyaliwajjala nimeshalipia miezi mitatu kwa hesabu ya huo mshahara mpya. Mke wangu ameshaanza kufunga vyombo.

Nyota_ya_Jinja
Uuuu banange.

MzeeWaArua
Mtu aliyekufundisha kazi ni mzazi. Mimi nilifundishwa kuchapa taipureta na mzee mmoja wa kabila la Kakwa pale Koboko, karatasi tatu na kaboni mbili katikati, ukikosea herufi moja unaanza upya zote. Alipokufa nilienda kumzika kwa miguu kwa sababu mvua ilikata barabara. Nafikiri umeelewa.

Dada_Kisheria
Tuache mazishi kwanza. Huyo mama mwenye zaidi ya miaka kumi kazini, Sheria ya Ajira ya 2006 inampa notisi ya miezi mitatu, sio bahasha ya Ijumaa jioni. Hilo mwambie hata kama wewe unachukua cheo. Lakini bado nina swali, na usikasirike. Hiyo Excel ikitoka kwenye AI nani anaikagua kabla ya kuingizwa kwenye mfumo wa forodha?

(saa moja baadaye)

Dada_Kisheria
@Karani_Nakawa naona uko online.

Karani_Nakawa
Mama Rehema.

Sikumuomba. Wiki ya pili aliona naprinti karatasi akazichukua, akasema nikague. Tangu hapo nikimaliza naprinti naweka mezani kwake. Saa kumi na moja watu wakiondoka yeye anabaki. Ana rula ya mbao ya zamani, anaiweka chini ya mstari, anasoma kwa sauti ndogo, anashusha rula, mstari unaofuata. Penseli iko sikioni. Kosa akiliona anaweka alama pembeni, hapigi mstari juu, anaandika sahihi yake kwa herufi ndogondogo. Kama masaa mawili kila jioni. Asubuhi nakuta karatasi kwenye kiti changu, naingiza masahihisho, natuma. Kwenye ripoti ya bosi niliandika masaa matatu yangu tu. Sikudanganya, mimi kweli natumia masaa matatu. Yeye hayo masaa hajaandikisha popote, halipwi ovataimu, kwa hiyo ningeyaandika wapi?

Mtu_wa_Busia
Ungeyaandika kwenye ripoti.

Nyota_ya_Jinja
Kwa hiyo bosi anamuondoa mtu anayefanya hiyo mashine ionekane na akili. Nimesoma mara mbili nikaweka simu chini.

Karani_Nakawa
Sio haki kusema hivyo. AI inatoa kazi nzuri, labda mistari tisini na tano kwa mia iko sawa. Na mimi naweza kujifunza kukagua. Si kazi ya kichawi.

Mtu_wa_Busia
Hiyo mitano ndiyo inayokupeleka URA, mamlaka ya mapato, kujieleza. Hiki kitu mara nyingi hakifungui kitabu cha ushuru kikatafuta, kinakisia neno linalofuata kutokana na maandishi kiliyosoma, na kikikosea kinakosea kwa sauti ileile ya kujiamini. New York mwaka 2023 mawakili wawili walipeleka mahakamani kesi za kubuniwa na ChatGPT, wakapigwa faini ya dola 5,000. Hawakuwa wajinga, walisoma kitu kimeandikwa vizuri wakaamini. Mashine mara nyingi haimwambii mtu "hapa sina hakika". Mama wa penseli anasema.

Fundi_wa_Excel
Samahani niwaharibie. Mimi hii hadithi siiamini. Kwanza Mganda gani wa Kampala anaandika Kiswahili hivi, sisi wote tunajua Kampala ni Luganda na Kiingereza. Pili rula ya mbao, penseli sikioni, mama mwema, bosi mbaya, hii imeandikwa na AI yenyewe, mmekaa mnalia na mashine. Tatu, kitaalamu: namba ya HS ikiwa na kosa mfumo wa forodha unaikataa palepale, hauhitaji mama wa kukagua. Mtu wa kliaringi angejua. Uzi ufungwe.

Boda_wa_Ntinda
Eee! Na mimi nilianza kushtuka kwenye rula.

MzeeWaArua
Wewe Fundi, la Kiswahili niachie mimi. Arua, Koboko, Busia, Malaba, Mpondwe, Kiswahili kinazungumzwa sokoni toka zamani. Mimi nimekipata kambini, baba alikuwa askari. Najua Kampala waliogopa hii lugha miaka mingi, wakiisikia wanafikiri mwenye bunduki amekuja mlangoni, na walikuwa na sababu, siwalaumu. Lakini Julai 2022 Baraza la Mawaziri limepitisha iwe lugha rasmi, na wewe mwenyewe unaandika kwa hiyohiyo. Ofisi ya mizigo ya Mombasa unataka waongee na madereva lugha gani?

Fundi_wa_Excel
Mzee heshima yako, lakini la tatu halijajibiwa.

Dada_Kisheria
Na mimi nataka lijibiwe. Sio kwa ubaya. Kama ni kweli, jibu analo.

Karani_Nakawa
Nimezaliwa Busia, upande wa Uganda, nyumba yetu ilikuwa karibu na stendi ya malori.

La tatu. Ni kweli namba isiyokuwepo inakataliwa. Wiki ya pili ile Copilot ilinipa paneli za sola kwenye 8541.40, hiyo ni namba ya toleo la zamani, toka toleo la HS la 2022 paneli ziko 8541.43. Ningeiingiza mfumo ungenirudishia, ningepoteza dakika tano, basi. Makosa ya hivyo siyaogopi. Ninayoyaogopa ni yale ambayo mfumo unayakubali. Namba ipo, ni halali, ila si ya bidhaa hiyo, na kwetu bidhaa ikitoka kundi la ushuru wa asilimia 25 ikaingia la 35, au kinyume, hapo mteja amezidishiwa au serikali imepunjwa na jina kwenye karatasi ni letu. Au uzito. Packing list, ile orodha ya vilivyofungwa kwenye mzigo, ina safu mbili, uzito pamoja na boksi na uzito bila boksi, na Wachina wengine wanazigeuza, basi AI inachukua ile ya kwanza iliyoiona. Tarakimu zote zinaonekana sawa. Mfumo hauna macho ya kujua boksi la vigae halina uzito ule. Mama Rehema anajua kwa sababu amesimama kwenye yadi miaka hiyo akiangalia vikishushwa.

Fundi ukitaka kusema nimetunga, sema. Ningependa sana niwe nimetunga.

Fundi_wa_Excel
Ya uzito na boksi hiyo… sawa. Mimi niko stoo ya vifaa vya ujenzi, najua hizo packing list. Naomba radhi.

Boda_wa_Ntinda
Basi kaka fanya hivi, ile Excel yako ya bosi ongeza safu moja tu. Jina lake, masaa yake.

Mtu_wa_Busia
Boda amesema kitu. Na zile karatasi unazo? Zenye alama za penseli?

Karani_Nakawa
Ninazo. Nilikuwa nazitia kwenye boksi la karatasi za A4 chini ya meza, sijui kwa nini sikuzitupa. Lakini nikienda kwa bosi kumwambia hesabu zangu hazikuwa kamili, cheo hakuna, na labda kazi hakuna. Nyumba nimeshalipa. Hamlioni hilo?

Nyota_ya_Jinja
Tunaliona ndugu yangu. Hakuna anayekuambia ni rahisi. Ila Jumatatu ukisimama mbele ya watu kufundisha, na yeye amekaa pale kiti cha mbele na penseli yake, utasema nini ukifika kwenye kukagua?

MzeeWaArua
Mpigie leo. Kabla ya bosi. Mama asisikie kutoka kwa mtu mwingine.

(usiku, saa nne)

Karani_Nakawa
Nimempigia. Nilimwambia yote, na laki nne, na ripoti, na kwamba nimeshasema ndiyo. Alinyamaza nikasikia redio yake nyuma. Akauliza wanataka kuwatoa lini, nikasema mwisho wa mwezi. Akauliza yule kijana anajua, nikasema hapana. Af akaniuliza ile faili ya matairi ya jana kama nimeshaituma, kwa sababu kuna mstari hajaridhika nao, alitaka kuniambia asubuhi.

Nilikuwa sijaituma. Barua nayo sijaisaini. Nimefungua laptopu sasa hivi. Ni mstari wa 14, uzito umegeuzwa. Boksi liko hapa miguuni, naanza kuhesabu alama zake tangu wiki ya pili.