Video ya mzee aliyekuwa mpiga baruti imeondolewa, nikate rufaa au niachane nayo?

Nahodha_Mkavu:
Wakuu heshima kwenu.

Nina chaneli ndogo ya mambo ya bahari: madema, nyavu, ngalawa, bei za samaki mnadani. Juzi nilimhoji mzee mmoja wa huku pwani ya Tanga. Zamani alikuwa anavua kwa baruti, sasa hivi mkono wa kulia umeishia kwenye kiwiko. Amesimulia vizuri mno: walivyokuwa wanavizia kundi la samaki alfajiri, chupa ilivyomlipukia mkononi, na jinsi miamba ya pale ilivyobaki kifusi, samaki hawarudi. Mwishoni anampasua samaki wa baruti kuonyesha damu ilivyovia ndani, ili wanunuzi wamtambue wasimnunue.

Video imekaa siku mbili ikaondolewa. Sababu waliyoandika: "maelekezo ya kutengeneza vilipuzi". Nimepewa onyo. Mtandao wenyewe siutaji, maana hapa sijaja kugombana nao.

Naomba ushauri. Hii si kunyimwa uhuru wa maoni? Nikate rufaa, nikatekate video upya, au niachane nayo? Na kama kuna mtu yalimkuta akashinda, anipe mwanga.

Kipanga_Mjini:
Mkuu usihangaike. Fungua akaunti nyingine, ipakie tena kwa jina jingine. Hao wanaogopa kivuli chao.

Bi_Stakabadhi:
Nahodha, huo ushauri wa hapo juu usiufuate hata kidogo. YouTube, kwa mfano, ukipigwa marufuku halafu ukazunguka kwa akaunti nyingine, wanaweza kufunga zote, hata ile ya mapishi ya mkeo kama umeiunganisha. Kwao kosa la kwanza kwa kawaida ni onyo. Baada ya hapo zinaanza straiki: ya kwanza hupakii kitu wiki nzima, ya pili wiki mbili, ya tatu ndani ya siku 90 chaneli inakwenda na maji. Mtandao wako huenda una hesabu yake, isome kabla hujabonyeza chochote.

Na hiyo video kwenye simu yako usiifute. Nakili mahali pengine leo hii.

Wakili_wa_Kijiweni:
Suala la uhuru wa maoni, tulitenganishe. Ibara ya 18 ya Katiba yetu ya 1977 inakulinda, ila ni vigumu kuipeleka kwa kampuni binafsi ambayo ulikubali masharti yake siku ya kujisajili. Hata Marekani kwenyewe walijaribu. PragerU, kundi la huko linalotengeneza video za siasa, waliishtaki Google, mwenye YouTube, wakidai YouTube inabana video zao kinyume cha Katiba ya Marekani, na Februari 2020 mahakama ya rufaa ikasema YouTube si serikali, kwa hiyo kifungu kile cha uhuru wa kusema hakiibani.

Ulaya wamepita njia nyingine. Sheria yao ya huduma za kidijitali, iliyoanza kutumika kikamilifu Februari 2024, inailazimisha mitandao kumweleza mtu sababu ya kumwondolea maudhui na kumpa mahali pa kulalamika. Wewe wa Tanga hukingwi nayo, lakini fomu ya rufaa unayoiona mara nyingi ni ile ile.

Halafu, leseni unayo? Tangu kanuni za 2018 blogu na televisheni za mtandaoni ziliwekwa chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Zikabadilishwa 2020, na tena 2022, kwa hiyo soma toleo la sasa uone kama chaneli ya uvuvi inaguswa.

Kipanga_Mjini:
Yaani kampuni ya nje iamue mzee wa Tanga aseme nini kuhusu bahari yake mwenyewe. Sawa.

Mchujaji_Mstaafu:
Mimi ni Mkenya, nimewahi kufanya kazi ya kuchuja video hapa Nairobi, kampuni naiacha. Nikuambie unavyoonekana ukiwa upande ule. Video inakuja ikiwa imeshawekewa alama na mashine. Una foleni ndefu, unairuka-ruka, mara nyingi sauti umezima. Unaangalia kichwa, ile picha ya juu, na vipande vichache. Video yako uliipa kichwa gani, na picha ya juu ilikuwa ipi?

Nahodha_Mkavu:
Kichwa: "JINSI TULIVYOKUWA TUNAPIGA BARUTI". Picha ni mzee ameshika chupa yenye utambi. Tupu lakini, ya kuigiza tu.

Mchujaji_Mstaafu:
Basi. Kwa macho ya mchujaji asiyejua Kiswahili hilo ni somo. Si wewe wa kwanza. Mwaka 2017 YouTube ilifuta video nyingi sana za vita vya Syria, ushahidi mtupu wa watu kushambuliwa, kwa sababu mashine iliona mabomu ikasema ni propaganda. Na 2020, walipowapeleka wachujaji nyumbani kwa ajili ya korona wakaiachia mashine, video zaidi ya milioni 11 ziliondolewa kati ya Aprili na Juni, karibu mara mbili ya kawaida. Waliokata rufaa, takriban nusu walirudishiwa. Kata rufaa.

Je, mzee ametaja alichanganya nini na nini?

Nahodha_Mkavu:
Ametaja vitu. Vipimo hajataja.

Mchujaji_Mstaafu:
Hapo ndipo penye shida. Historia, mkono, miamba, samaki aliyevia damu, hayo unayatetea mpaka asubuhi. Hicho kipande cha mchanganyiko hakimsaidii mnunuzi wa samaki wala hakimzuii kijana. Kikate.

Mama_Ushongo:
Mwanangu, watu wote hapa mnaongelea kampuni. Mimi nauliza huyo mzee. Sura yake inaonekana? Anakiri kosa chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003 mbele ya dunia nzima, na wenzake aliokuwa nao chomboni wengine wako hai, wengine pengine bado wanapiga. Ametaja majina? Kukaa na wewe barazani akapiga soga ni jambo moja. Kuonekana kwenye simu ya kila mtu kijijini ni jingine. Kijiji chetu waliowahi kutoa taarifa za baruti walichomewa nyavu.

Nahodha_Mkavu:
Shikamoo mama. Sura inaonekana. Kuna jina moja amelitaja, la utani, lakini wa huku wote wanalijua.

Mama_Ushongo:
Marahaba. Basi hiyo rufaa isubiri. Ukishinda leo, video inarudi na jina hilo la utani ndani.

Bi_Stakabadhi:
Naungana na mama. Nenda kwa mzee, mwonyeshe video yote, si kumsimulia. Akitaka mkono tu uonekane na sauti ibadilishwe, fanya hivyo. Kisha andika rufaa fupi, kwa Kiingereza kama unaweza: ni mahojiano ya kupinga uvuvi haramu, mzungumzaji alipoteza mkono, dakika fulani hadi fulani anaonyesha madhara. Rufaa mara nyingi ni moja tu kwa kila uamuzi, usiitumie kutukana. Kama ni kupakia toleo jipya, badilisha kichwa kwanza.

Kipanga_Mjini:
Kichwa kiwe "Baruti ilivyonikata mkono". Hilo nimekupa bure.