Ufalme wa Mungu ushafika ama bado twangoja?

Mvuka_Feri: Hamjambo wapendwa. Jana kwa ibada ya nyumba kwa nyumba kulizuka ubishi mpaka chai ikapoa. Tulikuwa twasoma Luka 17, Mafarisayo wamuuliza Yesu ufalme waja lini, awajibu umo ndani yenu. Mzee wetu mmoja akashika hapohapo, basi ushafika, mwangoja nini? Dada mmoja akamwambia sasa mzee mbona kila siku waomba "ufalme wako uje", kitu kishafika chaombewa kije tena? Kimya. Leo asubuhi kwa feri Likoni watu wasukumana, mtu akanikanyaga na pole hakuna, nkawaza kama huu ndio ufalme basi kazi ipo. Nisaidieni, ni mahali, ni moyo ama ni siku ya mwisho?

Mwalimu wa Rabai: Shida ni neno lenyewe. Tukiskia ufalme twaona nchi, ikulu, mipaka. Kigiriki ni basileia, na hapo uzito uko zaidi kwa kule kutawala kuliko eneo. Na hio "ndani yenu" wengine huitafsiri "katikati yenu", maana angalia anayeambiwa ni nani, ni Mafarisayo haohao waliokuwa wampinga, sasa uwe moyoni mwao vipi?? Mi naona alikuwa ajisema mwenyewe, mfalme kasimama mbele yao na bado wauliza yuaja lini 😅

Mama Tudor: Sisi Wakatoliki twasali "ufalme wako ufike, utakalo lifanyike duniani kama mbinguni". Hilo la pili ndilo laeleza la kwanza. Kwa hivo umefika pale anapotii mtu, haujafika pale hatutaki. Ni kama ule mfano wa Yesu wa mbegu ndogo iwayo mti: mbegu ya haradali ishapandwa ila ndege bado hawajajenga viota.

Nangoja Parapanda: Mama mwasahau Bwana atarudi! Alimwambia Pilato ufalme wangu sio wa ulimwengu huu.

Mama Tudor: Sijasahau, lakini akirudi anikute nafanya nini?

Kibarua Mstaafu: Mi si msomi, ila Mathayo 20 naielewa sana, ule mfano wa tajiri mwenye shamba la mizabibu atafutaye vibarua. Miaka mingi nimesimama getini kwa godauni hapa mjini alfajiri kungoja kuitwa, na ukikosa kuitwa saa moja unabaki tu hapo, kurudi nyumbani mikono mitupu waona haya. Sasa soma, tajiri yule atoka saa kumi na moja, na ni hiihii saa kumi na moja yetu ya jioni, jua lashuka, akuta watu wamesimama awauliza mbona mwakaa bure, wamwambia hakuna aliyetuajiri. Awapa dinari moja nzima, ujira wa siku, sawa na wale aliowaajiri alfajiri! Hapa wengi hukasirikia hio hesabu. Mi hulia, kwa sababu tumbo la wa jioni ni lilelile na watoto wake wala unga uleule. Yesu asema ufalme wafanana na tajiri huyo, na sijawahi kufanya kazi kwa tajiri kama huyo, kwa hivo mi bado naomba uje.

Mvuka_Feri: Mzee wangu umenimaliza. Nimemtumia yule mzee wetu hio ya Mafarisayo na hii yako, tiki za bluu zishatokea, jibu bado.