Mrejesho: Utando wa oksidi ya bati umeshika

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini utando wangu wa oksidi ya bati, ninaouotesha juu ya kioo kwa mvuke wa kemikali, unatoka unga unga na kufutika kwa kidole. Mkaniambia nitazame unyevu. Kweli kabisa, na hewa yetu ya Tanga mnaijua! Kloridi ya bati, ndiyo inayotoa mvuke wangu, ilikuwa inakutana na maji njiani, kabla haijafika kwenye kioo. Nimekausha hewa inayobeba mvuke kwa silika jeli, kioo nikakipasha hadi sentigredi 450. Sasa utando haufutiki, una rangi kama za upinde wa mvua. Kipimo cha eksirei, kinachotambua fuwele kwa pembe zinakorudishia miale, kimeonyesha vilele kwenye pembe za karibu digrii 26.6, 33.9 na 51.8: kasiteriti yenyewe, yaani fuwele ya oksidi ya bati. Nimefurahi mno. Ukinzani wa umeme bado mkubwa. Wiki hii naongeza florini ili kuupunguza.