Mrejesho: Jangwa la Namib na watoto

Wakuu, niliwauliza kama watoto wa miaka 6 na 9 wataliweza Jangwa la Namib kule Namibia. Tumerudi, na wameliweza! Asanteni sana mliosisitiza tuondoke alfajiri. Dune 45, lile tuta lililo kilomita 45 kutoka Sesriem, lango la kuingilia hifadhini, tulilipanda mchanga ukiwa bado baridi. Kushuka wakateleza kwa makalio, wakaomba turudie. Pale Deadvlei, bonde kavu katikati ya matuta, migunga ilikufa karne nyingi zilizopita na bado imesimama. Mkubwa alinyamaza kabisa, si kawaida yake. Tulikosea kwenye maji tu: tulibeba machache, tukakatisha matembezi. Jua likishapanda, nendeni korongo la Sesriem, kuna kivuli.