Wajumbe wa bodi za mashirika ya serikali Kenya: lipi ni malipo na lipi ni marejesho ya gharama?

MwalimuKilifi aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Jina langu lilichapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali kuwa mjumbe wa bodi ya shirika moja la serikali lenye makao yake Nairobi, nami ninaishi Kilifi. Baada ya kikao cha kwanza nililetewa karatasi ya kutia sahihi ambayo posho ya kikao, chakula cha mchana, malazi na nauli vilikuwa vimejumlishwa kuwa kiasi kimoja, bila mtu kuniomba risiti, ilhali chakula chenyewe tulikuwa tumeandaliwa pale pale ofisini. Bodi ilipofunga kikao chake, kamati ya fedha iliketi kwa muda mfupi sana, na karatasi ya pili ikapitishwa mezani. Nilipouliza, niliambiwa kwamba mambo huenda hivyo tangu zamani. Naomba mwenye ujuzi anieleze ni malipo gani ninayostahili kisheria, ni yapi ninayorudishiwa tu, na iwapo ni halali kulipwa mara mbili kwa siku moja. Sipendi kuwaudhi wenzangu, lakini sahihi iliyo kwenye karatasi ile ni yangu.

KatibuMstaafu alijibu:

Mwalimu, hongera kwa uteuzi, na hongera zaidi kwa kuuliza kabla karatasi hazijawa nyingi.

Msingi wa yote ni Sheria ya Mashirika ya Serikali, Sura ya 446. Anayekulipa ni shirika lenyewe kutoka katika fedha zake, wala si wizara, lakini bodi haina uhuru wa kujipangia kiasi inachopenda, kwa kuwa viwango huwekwa na serikali kupitia Kamati ya Ushauri wa Mashirika ya Serikali. Tangu Katiba ya 2010, Kifungu cha 230 kimeipa Tume ya Mishahara na Marupurupu kazi ya kushauri kuhusu malipo ya maafisa wa umma. Viwango ambavyo mashirika mengi yameendelea kuvitumia vinatokana na mwongozo wa Novemba 2004: mwenyekiti hupata hadi shilingi 80,000 kwa mwezi, na mjumbe hupata hadi shilingi 20,000 kwa kila kikao alichohudhuria.

Hiyo posho ya kikao ndiyo malipo yako. Nauli na malazi ni gharama ulizoingia kwa ajili ya kazi ya shirika, kwa hiyo unarudishiwa, si mapato. Posho ya chakula hutolewa pale ambapo chakula hakikuandaliwa. Ikiwa mlikula ofisini kwa gharama ya shirika na bado fedha zikatolewa, basi mlo mmoja umelipiwa mara mbili. Iombe ofisi ya katibu itenganishe kila kipengele katika vocha yake, na tikiti ya ndege au ya gari moshi iambatishwe. Ukipewa masurufu kabla ya safari, kanuni za usimamizi wa fedha za umma za 2015 zinataka uyatolee hesabu ndani ya siku saba za kazi baada ya kurejea, na kinachosalia kirudishwe.

MkaguziHesabu aliongeza:

Naafiki, ila nitoe jibu la moja kwa moja kuhusu vikao viwili. Kamati ya bodi ni chombo halali na kikao chake kinaweza kulipiwa, mradi kiliitishwa kwa notisi, kilikuwa na ajenda yake, akidi ilitimia na kumbukumbu ziliandikwa. Mkaguzi haitazami orodha ya mahudhurio peke yake. Huiweka kando ya kumbukumbu, akalinganisha saa ya kufungua na saa ya kufunga, kisha hutafuta uamuzi uliotokana na kikao. Nimewahi kuona kumbukumbu za kamati ambazo ajenda yake ilikuwa ni ile ile ya bodi iliyoketi asubuhi, hata makosa ya tahajia yakiwa yale yale. Hapo hakuna kikao cha pili. Kuna sahihi za pili tu.

Sheria inataka bodi ikutane angalau mara nne katika mwaka wa fedha. Vikao vikizidi mno, na hasa vikifanyika katika hoteli za Naivasha au Mombasa ilhali shirika lina ukumbi wake, swali litafika mbele ya mojawapo ya Kamati za Bunge za Uwekezaji wa Umma. Na kwa mujibu wa Kifungu cha 226 cha Katiba, aliyeidhinisha matumizi kinyume cha sheria huwajibika kwa hasara hiyo, awe bado yuko ofisini au ameshaondoka.

MhandisiKisumu alijibu:

Yote yaliyosemwa ni kweli, lakini tusimlaumu mjumbe peke yake. Mfumo wa kulipa kwa kikao unalipa kuketi, haulipi kusoma. Mjumbe anayekesha na makabrasha ya zabuni na taarifa za fedha, akafika akiwa na maswali, hupokea sawasawa na yule anayefungua bahasha yake mezani. Kiwango kikikaa kilivyokuwa mwaka 2004 wakati bei za vitu zimepanda, kishawishi cha kuongeza vikao ni kikubwa, na shirika huishia kulipa zaidi kuliko kama lingetoa ada ya mwaka iliyo wazi, inayopunguzwa mjumbe asipohudhuria. Ada ya namna hiyo ingetangazwa kwenye taarifa ya mwaka, jina kwa jina, mwananchi akaisoma.

MwalimuKilifi:

Nawashukuru sana. Nitamwandikia katibu kuhusu vocha na kuhusu fedha za chakula. Limebaki moja: shirika lilinilipia hoteli moja kwa moja, na bado kwenye ile karatasi kuna malazi.

KatibuMstaafu:

Basi rudisha ya malazi, Mwalimu. Usiku mmoja haulipiwi mara mbili. Rudisha kupitia idara ya uhasibu, upewe stakabadhi rasmi, na nakala yake uihifadhi pamoja na barua yako ya uteuzi.