Mwanasayansi wa ulinzi akiacha maabara ya serikali, anabaki na nini cha kumpa mteja?

Mpima_Mawimbi anauliza:

Ndugu zangu, nina miaka 23 katika utafiti wa rada kwenye maabara ya serikali ya Uingereza, na katika 9 ya mwisho nimesahihisha ripoti za vijana zaidi kuliko nilivyoshika kifaa kwa mkono wangu. Mwaka ujao nakusudia kuaga na kuwa mshauri elekezi wa kujitegemea. Kinachoninyima usingizi si fedha. Karibu kila ninachokijua kwa undani kimo katika hati za siri, na siku ya kuondoka nitaziacha zote kabatini. Nikikaa mbele ya mteja mikono mitupu namna hiyo, nitampa nini? Waliopita njia hii naomba wanieleze bila kunificha.

Mzee_wa_Malvern anajibu:

Ndugu Mpima, mimi nilitoka mwaka 2001, pale DERA, wakala wa serikali wa utafiti wa ulinzi, ilipogawanywa mara mbili: Dstl ikabaki mikononi mwa serikali, na QinetiQ ikaelekezwa kwenye biashara. Hofu yako naifahamu vizuri, kwa sababu niliibeba mwenyewe mwaka mzima.

Mteja hanunui siri zako, na akizitaka, mkimbie. Ananunua uwezo wako wa kutambua kwamba swali limeulizwa vibaya. Mfano ninaowapa vijana siku zote ni wa mwanafizikia E. J. Williams, aliyekuwa mwaka 1941, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, katika kundi la wanasayansi walioshauri jeshi chini ya mwanafizikia Patrick Blackett. Ndege za Uingereza zilikuwa zikidondosha mabomu ya kina, yaani ya kushambulia nyambizi, yaliyotegwa kulipuka futi 100 chini ya maji, kwa hoja kwamba nyambizi huiona ndege mapema na kupata muda wa kuzama. Williams akaonyesha kwamba nyambizi iliyokwisha kuzama kiasi hicho rubani hajui tena iko wapi, hivyo bomu lake linapotea bure. Inayoweza kupigwa ni ile iliyokutwa ikielea au ndiyo kwanza inazama, nayo bado iko karibu na uso wa maji. Akashauri futi 25. Ndege zilikuwa zilezile na baruti ileile, lakini mashambulizi yakaanza kuzaa matunda kwa kiwango kilichowashangaza maofisa.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa na kifaa cha kugundua ndege ndogo zisizo na rubani. Walinitandikia grafu mezani, nami nikaona mstari umenyooka mno, hauna hata mtikisiko mmoja. Sikuuliza lolote kuhusu mitambo. Niliuliza majaribio yalichukua siku ngapi. Ilikuwa asubuhi moja tu, upepo umetulia, na hakuna hata ndege wa angani aliyepita. Swali hilo halikuhitaji hati yoyote ya siri, ila lilihitaji mtu aliyewahi kudanganywa na grafu safi kama ile, nami nilidanganywa zaidi ya mara moja nilipokuwa kijana.

Msimamizi_Mikataba anajibu:

Naongeza upande wa sheria, maana wengi hujikwaa hapo. Sheria ya Siri za Serikali ya mwaka 1989 inaendelea kukufunga baada ya kustaafu. Aidha, watumishi waandamizi wa serikali wanatakiwa kuomba ruhusa kabla ya kupokea kazi ya nje katika kipindi cha miaka 2 tangu waondoke, na ruhusa yenyewe inaweza kuja na masharti, kwa mfano kutowashawishi wenzako wa zamani kwa niaba ya mteja. Kwa upande wa kodi, soma kanuni za IR35, zinazohusu wanaouza kazi yao kupitia kampuni zao wenyewe: tangu 2021 kampuni za kati na kubwa zinazokupa kazi ndizo zinazoamua kama wewe ni mshauri kweli au ni mwajiriwa aliyevaa koti la mshauri. Bima ya dhima ya kitaaluma, inayokulinda mteja akidai fidia kwa ushauri wako, ikatwe kabla ya ripoti ya kwanza kutoka mkononi mwako.

Mnunuzi_Mifumo anajibu:

Nakubaliana na Mzee, lakini kuna jambo moja sikubaliani nalo. Busara anayoisifu nayo huchakaa. Nimekaa upande wa mnunuzi miaka mingi, nikawalipa washauri waliokuwa mahodari siku wanatoka maabara, na miaka mitano baadaye wakawa bado wanasimulia vifaa vilevile. Yule niliyeendelea kumwita alikuwa akisoma majarida ya wazi kila juma na kuomba kusimama nyuma ya fundi wakati wa majaribio, hata pale ambapo saa hizo hazikulipiwa. Tena alikuwa tayari kuniambia "usinunue" huku akijua kwamba kazi yake inaishia papo hapo.

Mpima_Mawimbi anarejea:

Nawashukuru sana. Mzee, habari ya grafu imenigusa, kwa kuwa juma lililopita tu nilirudisha ripoti moja kwa sababu hiyohiyo na sikuhesabu kwamba nimefanya kazi ya maana. Ndugu Msimamizi, ipo kampuni iliyonipigia simu mara mbili tangu mwezi uliopita. Kesho nitaiandikia kwamba mazungumzo yasubiri mpaka nipate ruhusa kwa maandishi. Na kwa miezi iliyobaki, nitaomba nirudishwe kwenye timu ya majaribio.