Fundi wa Mwanza mjini kaning'olea kioo kizima cha laptopu, kaweka cha hali ya chini, na ugonjwa uko palepale!

Wakuu, heshima zenu. Nina hasira na sitaificha.

Naishi Nansio, Ukerewe. Natunza hesabu za kikundi cha kina mama wachuuzi wa dagaa: magunia mangapi yamevuka, nani kalipa, nani anadaiwa. Zote ziko kwenye laptopu moja. Kioo chake kikaanza kuzingua. Nikikifunua nusu kinaonyesha vizuri, nikikilaza nyuma kidogo kinacheza, kinatoa mistari, mwisho giza. Nikikirudisha mbele picha inarudi. Feni inazunguka, sauti inatoka, mashine iko hai.

Nikapanda meli, masaa matatu na zaidi majini, nikaingia duka moja la mafundi katikati ya jiji. Nikamweleza fundi hayohayo, tena nikamwonyesha kwa mkono: mbele inawaka, nyuma inazima. Hakuigusa! Aliitazama ikiwa giza akasema, "Kioo kimekufa, mama. Laki moja na tisini pamoja na ufundi." Nikamuuliza amepima na nini. Akajibu ana uzoefu.

Nikalipa. Nikaomba kioo cha zamani, akasema kimepasuka wakati wa kukitoa, ameshakitupa. Nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akasema mashine inasumbua, akanichania karatasi ya daftari: "kioo 1, 190,000". Basi. Hakuna saizi, hakuna namba. Nikalala kwa dada yangu Igoma, kesho yake nikavuka kurudi.

Siku ya tisa, giza. Mistari ileile, na nikikirudisha mbele kinawaka vilevile.

Hapa Nansio kuna kijana anatengeneza simu na redio. Nilikuwa namdharau, na kwa hilo namwomba radhi. Alianza kwa kuazima runinga ya kinyozi jirani, akaunganisha na waya wa HDMI. Picha ikaja safi, haitikisiki. Akasema, "Mama, mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine, ni nzima, tatizo liko kuanzia kwenye waya wa kioo kwenda juu." Kikiwa giza akakimulika kwa tochi ya simu kwa upande. Angeona picha kwa mbali, ingekuwa taa ya nyuma ya kioo ndiyo imekufa. Hakuona kitu. Kisha akakifunua polepole, kidogo kidogo, na palepale kinapozimia akasimama. Kioo kibovu hakijali umekilaza vipi, ila waya uliokatika ndani unajali, kwa sababu unapita kwenye bawaba na kila ukifunua unaukunja.

Alichomoa betri kwanza. Anasema ukichomoa waya wa kioo wakati umeme upo unaweza kuunguza fyuzi ndogo ya taa kwenye mazabodi. Alipofungua fremu tukaona wote wawili: waya umebanwa chini ya bawaba ya kushoto, skrubu imelegea, ganda limechubuka, nyuzi zinaonekana. Yule wa mjini aliusogeza tu wakati anabadilisha kioo, ndiyo maana ukashika siku nane. Waya mpya na ufundi, 40,000. Tangu hapo haijazima hata mara moja.

Lililonichoma zaidi ni hili. Kijana alikigeuza kioo, akasoma stika ya nyuma, akaniuliza, "Mama, ulinunua mashine ikiwa na kioo hiki?" Imeandikwa NT156WHM. Hicho ni cha vitone vya picha 1366 kwa 768. Changu kilikuwa cha 1920 kwa 1080. Yaani nilikuwa na vitone zaidi ya milioni 2, nimerudishiwa milioni 1 na kidogo. Vyote inchi 15.6, vyote plagi ya pini 30, kwa hiyo kinaingia na kuwaka bila shida na mwenye mali hajui. Kumbe ndiyo maana miezi 12 haienei tena kwenye jedwali langu, nasogeza pembeni kuitafuta Novemba na Desemba. Na kina mama wakikaa ubavuni kwangu rangi zinageuka, hawasomi madeni yao. Nilidhani ni macho yangu.

Nimempigia yule fundi wa mjini. Kasema nimeshapokea mzigo, hakuna kurudisha.

Wewe unayepeleka yako kesho: fungua sehemu ya mipangilio ya kioo, piga picha zile namba, mfano 1920 kwa 1080, kabla hujaiacha. Dai ijaribiwe kwenye runinga mbele ya macho yako. Kioo cha zamani ni mali yako, hata kikiwa vipande.

Ninachoomba: kama kuna aliyewahi kupeleka lalamiko Tume ya Ushindani (FCC), wale wanaolinda walaji, kwa kazi ya fundi, anieleze alianzia wapi na karatasi ya mkono ilikubalika au la. Jumatatu navuka tena. Nina ile karatasi, picha ya stika, na waya uliochubuka uko ndani ya bahasha. Nataka kioo changu cha 1080 au 190,000 yangu, na sitoki mlangoni pake mpaka nipate kimojawapo.